Rangi ya nje kwa nyumba ya Tanga: ujue uchafu wako kwanza

Familia yetu ina nyumba tatu hapa Tanga, na kila moja inachafuka kivyake. Ya mama iko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, imebanana na majirani kiasi kwamba ukikohoa chumbani unapewa pole kutoka nyumba ya pili. Ya kaka yangu iko Sahare, ambako upepo wa bahari unaingia bila hodi. Yangu iko njia ya Pongwe, kwenye udongo mwekundu. Nyumba hizi tumezipaka rangi mara nyingi kuliko ilivyostahili, na kila tulipokosea tulikosea kwa namna ile ile: tulichagua rangi tukiwa dukani, uchafu tukaja kukutana nao nyumbani.

Ndiyo maana kaka alipoanza tena kutuma picha za nyumba kwenye kundi la familia na kuuliza "hii je?", nilimjibu kwamba swali la kupendeza lije mwisho. Kwanza aseme ukuta wake unachafuliwa na nini. Kwa mji wetu majibu hayazidi manne. Kuna vumbi jekundu, la sisi tunaokaa njia ya Pongwe na Muheza. Kuna chumvi, ya watu wa Sahare na Raskazone, ingawa chumvi nyingine haiji na upepo, imo ndani ya ukuta wenyewe, nitaieleza. Kuna fangasi na ukijani, na huo ni wa wote, kwa sababu Tanga ni mji wa mvua. Kwa mwaka tunapata zaidi ya milimita 1,200, takriban mara mbili ya wenzetu wa Dodoma. Na kuna matope, ya kila nyumba isiyo na saruji pembeni: tone likidondoka kutoka ukingo wa bati linachimba kishimo ardhini na kurusha udongo ukutani hadi usawa wa goti.

Ukishajua uchafu wako, tafuta rangi ambayo ni ndugu yake.

Lakini kuta za nyumba moja nazo hazifanani

Kabla ya kulinganisha rangi, zunguka nyumba yako. Tanga iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Katikati ya hapo, miezi saba mizima, jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini na ukuta wa kusini unashinda kivulini. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya masika na ya upepo wa kusi, unaoileta mvua ubavuni. Kwa hiyo ukuta wa kusini unalowa na hakuna wa kuukausha. Ukitaka kuhakikisha, pita mtaa wowote mwezi wa Juni utazame kuta za upande huo: ukijani unapanda kutoka chini kama nyumba imetiwa hina.

Ukuta wa magharibi una kesi tofauti. Huo unapigwa na jua kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, na tofali la saruji likishashiba joto halilali nalo. Linalitoa taratibu ndani ya chumba mpaka saa nne, saa tano za usiku. Chumba cha watoto kikiwa upande huo, rangi ya ukuta si suala la urembo tena.

Nimeyasema haya kwa sababu watu wengi wanachagua rangi wakitazama ukuta wa mbele tu, ule wa barabarani. Ukuta wa mbele ndio unaosifiwa. Ukuta wa kusini ndio utakaokufanya umwite fundi tena.

Nyeupe na maziwa

Nyeupe ina heshima yake pwani. Wazee waliojenga kwa mawe ya matumbawe, kuanzia huku kwetu hadi Pangani na Bagamoyo, walimalizia kwa chokaa, na hawakuwa na haja ya kuelezwa na mtu kwamba nyeupe inapoza. Nyeupe safi inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, wakati kijivu cha makaa kinarudisha kama 10 tu na kinachobaki kinageuka joto. Kwa ukuta wa magharibi hiyo ni tofauti unayoweza kuipima kwa kiganja.

Nikiri hapa jambo ambalo ukiwa dukani hutaambiwa: joto kubwa la nyumba zetu linatoka juu, kwenye bati, hasa haya ya msauzi yenye rangi nzito tunayoyapenda sasa. Ukuta mweupe chini ya bati jeusi lisilo na dari ni sawa na kunywa maji baridi huku umejifunika blanketi. Rangi ya ukuta inasaidia. Kazi ya dari haiwezi kuifanya.

Mimi nilianza na nyeupe. Nyumba ikapakwa Januari, kavu kabisa, na kwa wiki sita nilikuwa naiangalia kutoka barabarani kama si yangu. Masika yakaja. Kufikia mwisho wa Mei nyumba ilikuwa imevaa soksi, nyekundu, zimepandishwa vizuri hadi magotini. Juu, kila grili ya dirisha ilikuwa imelia chozi la kutu lililoteremka ukutani. Nikachukua brashi na sabuni. Udongo wetu haukubali sabuni. Ukiusugua kwenye rangi isiyong'aa unausambaza tu, ulichokuwa nacho ni soksi, ulichopata ni suruali.

Maziwa, au krimu kama wanavyoiita madukani, ni binamu mpole wa nyeupe. Inapoteza kidogo sana kwenye kurudisha jua, na inapata mengi kwenye kuficha. Pia haiumizi macho. Nyeupe kamili saa saba mchana karibu na bahari inamfanya mgeni akunje uso kabla hujamkaribisha. Kwa Sahare na Raskazone, ambako vumbi jekundu ni chache, maziwa ndiyo rangi ningeichukua bila kufikiri mara mbili: chumvi ikijitokeza ukutani ni nyeupe juu ya kinachokaribia weupe, na jirani hatoiona. Kwa njia ya Pongwe, maziwa ni nyeupe iliyochelewa kuchafuka. Utapata misimu miwili badala ya mmoja.

Udongo na kijivu

Hapa ndipo penye ubishi wa kweli mjini sasa, kwa hiyo nitakaa.

Rangi za udongo ni ukoo mkubwa: mchanga, asali, ugoro, hudhurungi, hadi damu ya mzee. Watu huziona za kizamani, za shule na za vituo vya afya. Lakini sikiliza zinatengenezwaje. Kinachotia rangi humo mara nyingi ni oksidi ya chuma, yaani kutu iliyosagwa ikawa laini. Na kinachoufanya udongo wa Pongwe na Muheza kuwa mwekundu ni hiyo hiyo oksidi ya chuma. Ukipaka ukuta wako rangi ya jamii hii, vumbi linalotua juu yake si mgeni, ni shangazi amekuja kukaa. Faida nyingine ni kwamba kutu imeshamaliza kuharibika. Jua haliwezi kuibadilisha zaidi, na ukali wa saruji mpya, ambao unaunguza rangi nyingine, hauibabaishi. Ndiyo maana kiraka cha damu ya mzee kwenye baraza la zamani utakikuta kimekwaruzika, kimebanduka, ila bado ni damu ya mzee.

Kasoro yake ni joto, na ni kasoro ya hizo zilizokolea tu. Nyumba nzima ukiipaka damu ya mzee, umejijengea tanuri lenye madirisha. Kwa hiyo mimi nafuata kanga. Kanga ina mji na ina pindo. Mji wa nyumba, yaani eneo kubwa la ukuta, upake mchanga au asali iliyopoa, ambazo zinarudisha nusu ya mwanga au zaidi. Pindo, yaani mkanda wa chini, nguzo za baraza na kingo za madirisha, lipake damu ya mzee au ugoro. Mkanda wa chini uwe na kimo cha kutosha. Fundi wengi wanakupa sentimita 30 kwa sababu zinapendeza, matope yanaruka zaidi ya hapo. Wangu una sentimita 75. Kwa mbali unaonekana mnene, nakubali. Ila ni masika ya tatu sasa na sijashika brashi.

Na yale machozi ya kutu ya grili? Yapo. Yanalia juu ya asali, yanaonekana kama kivuli.

Kijivu kimeingia na simu. Picha za majumba ya ghorofa, kijivu cha makaa, fremu nyeusi za aluminiamu, taa za manjano chini ya ukingo wa paa, nani hataki? Kaka alitaka. Akapaka kijivu kizito kuta zote nne, na nyumba siku ile, lazima niseme, ilikuwa nzuri kuliko zote tatu. Wifi alipiga picha jioni akaituma kila mahali.

Kilichofuata hakikuwa kosa la rangi. Rangi nyeusi zinazotengenezea kijivu ni imara na haikupauka hata kidogo. Kilichojitokeza ni chumvi. Ukuta wa saruji una chumvi zake, na kama mchanga wa lipu ulichotwa karibu na bahari, au maji ya kuchanganyia yalitoka kisima cha magadi, zinakuwa nyingi zaidi. Mvua inaingia ukutani, inayeyusha chumvi, jua linavuta maji nje, maji yanaondoka na chumvi inabaki juu, nyeupe kama unga. Nyumba ya maziwa ina chumvi hiyo hiyo na haijulikani. Juu ya kijivu cha makaa ilichora ramani. Kaka alifuta kwa kitambaa kikavu, ikarudi. Akafuta kwa maji, ikarudi kwa wingi zaidi, kwa sababu maji ndiyo usafiri wake.

Ukuta mweusi pia unapanuka sana mchana na kusinyaa usiku kuliko mweupe, na lipu ambayo haikupigwa vizuri inaanza kuonyesha nyufa nyembamba kama nywele. Kwa nyufa hizo maji yanaingia, na mzunguko unaanza upya. Sisemi kijivu hakifai Tanga. Kijivu chepesi, cha majivu ya kuni, ni rangi ya akili sana kwa Ngamiani: moshi wa majiko, mikono ya wapita njia na fangasi wale weusi, vyote vina asili ya kijivu. Ila kile cha makaa kiweke kwenye geti, kwenye nguzo mbili za mbele, au kwenye ukuta mmoja wa mashariki wenye kivuli cha mwembe. Picha itapendeza vile vile.

Kwa hiyo kama unasita kati ya hizi mbili, jiulize ukiokota donge la udongo hapo uani kwako linaacha rangi gani mkononi. Likiacha wekundu, nenda na udongo. Likiacha rangi ya majivu au mchanga mweupe wa pwani, kijivu chepesi kina nafasi yake.

Bluu, kijani na hizo zinazopiga kelele

Nyumba ya mama ni bluu bahari tangu nikiwa mtoto. Haijulikani kwa namba. Inajulikana kama nyumba ya bluu, na bodaboda ukimtajia barabara na rangi anafika. Tulipomshauri abadilishe alituuliza kama sisi ndio tutakaosimama barabarani kuelekeza wageni wake. Hoja hiyo sina jibu lake.

Bluu bahari ikiwa nyepesi inapoza vizuri na inapendeza na bati lisilo na rangi. Ubaya ni kwamba rangi nyepesi ina kitia rangi kidogo sana ndani yake, hivyo jua likila hicho kidogo, hakuna akiba. Bluu zenye mwelekeo wa zambarau zinapauka mapema zaidi. Kijani kina sifa moja ambayo wengi hawaifikirii: ukuta wa kusini ukiota ukijani, kijani cha majani makavu kinaumeza. Ningekipaka ukuta huo peke yake kama nyumba imezungukwa na miti. Tahadhari yangu ni ndogo: kijani ukikipa pindo la njano, usishangae watu wakija kuuliza kikao cha tawi kinaanza saa ngapi.

Njano kali, chungwa, waridi na nyekundu ya pilipili nazitaja kwa haraka. Vitia rangi vyake vingi haviwezi jua letu, na vinafunika vibaya. Kwa nyeupe au maziwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, inatosha, kwa njano kali utahesabu mitatu au minne na lipu bado inachungulia. Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo. Rangi hizi nadhani ndizo zilizokusudiwa. Fremu za maduka zinazopakwa na kampuni za simu hazikuhusu. Zile zinarudiwa kwa gharama ya mwingine.

Chokaa au rangi ya maji?

Swali hili linawahusu zaidi wenye nyumba kongwe, na hapa kosa linauma, kwa sababu linaharibu ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za zamani, za mawe na chokaa au za miti na udongo zilizopigwa lipu, hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji yanapanda kutoka ardhini kila siku na kutokea ukutani. Ukuta huo unahitaji kupumua. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta, au kwa rangi ya maji ile nene inayojigamba kuzuia mvua, maji yanakwama nyuma yake. Miezi michache baadaye unaona malengelenge, ukiyatoboa yanatoa maji au unga, na lipu inaanza kudondoka vipande. Wanaotengeneza majengo ya kale wanalijua hilo vizuri. Kuta za matumbawe zilizopigwa saruji juu huoza ndani huku nje zinaonekana nzima.

Chokaa hupitisha unyevu. Ikishapakwa inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, lile lile la chokaa lililochomwa, na Tanga mawe ya chokaa tunayo tele, kuanzia Amboni. Ukali wake unawazuia fangasi kwa muda. Ni rahisi, na unaweza kuitia rangi kwa oksidi kidogo, ukapata maziwa, asali au waridi iliyopoa yenye mawimbi ambayo hakuna mashine ya dukani inayoweza kuyatoa. Hasara zake ni mbili: inaachia kwenye nguo ya anayeegemea, na haidumu. Mama hupaka kila mwaka kabla ya Idi, na kwake si hasara, ni sehemu ya Idi. Wewe kama unafikiri kupaka mara moja na kusahau miaka mitano, na nyumba yako ni ya tofali za saruji zenye msingi mzuri, chukua rangi ya maji ya nje.

Anayepaka chokaa avae miwani. Inaunguza macho, na maji ya kunawa yawe karibu kabla ya kuanza.

Rangi ya mafuta ina mahali pake: mkanda wa chini wa ukuta wa tofali, upande wa barabarani, ambako watoto wanapiga mpira na wapita njia wanaegemea. Inafutika. Ipake kimo cha mkanda tu, na ukuta uwe mkavu kweli.

Kung'aa au kutong'aa

Rangi yenye kung'aa kidogo inaachia vumbi ikinyeshewa, kwa hiyo kwa vumbi jekundu ni bora. Lakini inaonyesha kila bonde la lipu. Jua la saa kumi na moja likipita ubavuni mwa ukuta unaong'aa, utajua siku ambayo fundi lipu alikuwa na haraka. Lipu yako ikiwa na mabonde, chukua isiyong'aa.

Kadi ya rangi ya dukani inadanganya

Fundi wetu wa rangi, mzee mwenye ndala ambazo zimekuwa kitabu cha sampuli, aliniambia maneno ambayo nayafuata mpaka leo: "Dada, rangi ya kwenye kadi imekaa kivulini. Yako itakaa juani." Ukutani, chini ya jua la pwani, rangi inaonekana nyepesi na kali kuliko kwenye kadi. Maziwa inakuwa nyeupe, asali inakuwa njano. Ukiipenda moja kwenye kadi, chukua ile iliyopoa kidogo zaidi, yenye tone la kijivu au la udongo ndani.

Kisha nunua lita moja, upake kiraka cha mita moja kwa mita moja, mikono miwili, sehemu mbili: ukuta wa kusini na ukuta wa magharibi. Usipake karibu na rangi ya zamani bila kuacha nafasi, jicho litachanganyikiwa. Kitazame saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Ukiweza, kiache kipitiwe na mvua nzito japo mara moja. Lita moja ya majaribio ni nafuu kuliko ndoo mbili za majuto.

Hesabu ya nyumba ni hivi. Nyumba yenye mzunguko wa mita 44 na kuta za mita 3 ina mita za mraba 132. Toa milango na madirisha, tuseme 20, zinabaki 112. Lita moja kwenye lipu ya kawaida inafunika kama mita 8 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni lita 28: ndoo moja ya lita 20 na makopo mawili ya lita 4. Lipu ikiwa ya kukwaruza, ongeza. Rangi iliyochanganywa kwa mashine inunue yote siku moja, na kabla ya kuanza mwambie fundi achanganye ndoo na makopo pamoja, maana hata namba ile ile inaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itatokea katikati ya ukuta wa mbele. Rangi zilizokolea kwa kawaida zina bei zaidi. Uliza kabla hujaipenda.

Lipu mpya iache siku 28 kabla ya rangi. Ukali wa saruji mbichi unaunguza rangi na kuiacha na madoa. Kwenye lipu mpya usikwepe praima, ile rangi ya msingi inayotangulia, na ukuta wa zamani upapase kwanza kwa kiganja: ukiachia unga mweupe, nao unadai praima. Palipoota fangasi, usipake juu yake. Changanya sehemu moja ya jiki na tatu za maji, paka, subiri dakika 20, sugua, suuza, acha pakauke. Dawa hiyo usiichanganye na sabuni au dawa nyingine yoyote. Chumvi, kwa upande wake, iondoe kwa brashi kavu, ukitafuta na kuziba chanzo cha maji kwanza.

Kipindi kizuri kwetu ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, kuta zikiwa zimekauka baada ya vuli. Fundi azunguke na kivuli, ukuta wa magharibi asubuhi, wa mashariki mchana. Rangi inayokauka kabla haijashika ukuta inabanduka kama ganda la ndizi.

Kaka amekubali kuanza na viraka. Viko vitatu kwenye ukuta wake wa kusini kule Sahare: maziwa, kijivu cha majivu, na mchanga. Yeye bado anapigania kijivu, wifi yuko na maziwa. Wiki iliyopita nilipokwenda, mbuzi wa jirani walikuwa wamegundua kwamba ukuta ule unafaa kujisugulia na walikuwa wameshaupitia mwanzo hadi mwisho. Kwenye maziwa waliacha mistari, kwenye kijivu wakaacha mistari. Kwenye mchanga ilibidi nisogee nitafute manyoya.